Mkono Usiotambuliwa

Mama Kadi alikuwa akipanga maua pembezoni mwa kadi ya harusi pale kompyuta ilipolia na kumkatiza. Katikati ya kioo kilitokea kisanduku cha manjano: *Mabadiliko ya kifaa yametambuliwa. Mkono wa kushoto si ule uliosajiliwa.* Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Kubali na Baadaye. Alibonyeza Baadaye, maana bwana harusi alikuwa hampi pumzi kwa simu tangu asubuhi.

Kadi za harusi na ratiba za mazishi alizitengenezea nyumbani, chumba cha mbele, ndiyo sababu majirani wakampa jina hilo. Kompyuta aliiunda mumewe mwenyewe, kipande kwa kipande, juu ya meza yao ya chakula, kabla hajapata kazi kiwandani. Kwa hiyo Mama Kadi alifanya kama alivyozoea kumwona yeye akifanya. Alichomoa printa akairudisha. Alibadilisha kipanya. Alizima, akangoja, akawasha. Onyo likarudi palepale, safari hii na mstari wa nyongeza: *Sikio la kulia pia.*

Jioni mumewe alipoingia, Mama Kadi alimtazama vizuri. Mkono wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wa kulia, mweusi zaidi, na kwenye kidole cha shahada palikuwa na kovu la kuungua. Akampakulia chakula.

"Mume wangu, huu mkono ni wa nani?"

"Wa kazini." Alikuwa akitafuna. "Msimamizi alisema wangu mzito. Mashine mpya zinataka mkono mwepesi."

"Na wako?"

"Uko zamu nyingine, nadhani."

"Wamekuchukulia hivihivi, na wewe kimya?"

Mumewe aliweka kijiko chini, akaziba sikio la kulia kwa kiganja. "Taratibu, mke wangu. Hili nalo si langu. Likisikia hapa, wanasikia na kule."

Tangu hapo walizungumza kwa kunong'ona, yeye akikaa upande wa kushoto wa mumewe, na mambo ya maana wakayaacha kabisa. Alipotaka kukohoa alitoka nje, uani.

Onyo halikukoma. Lilimfungia kazi kila alipogusa kibodi, na familia moja ilikuwa ikisubiri ratiba ya mazishi. Akamwita fundi wa kompyuta wa mtaa, mtu mrefu aliyechomeka bisibisi nyuma ya sikio kama wengine wanavyochomeka kalamu. Watu walimwita Bisibisi. Alifungua kasha, akapuliza vumbi, akachomoa kibao cha kumbukumbu akakisugua kwa kifutio cha shule, akabadilisha betri ndogo iliyofanana na kifungo cha shati. Alipowasha, kisanduku cha manjano kilikuwa kinamngoja.

"Mashine yako nzima, mama," alisema akirudisha skrubu. "Shemeji ndiye aliyeiunda?"

"Ndiye."

"Basi inamhesabu yeye kama kifaa chake. Anafanya kazi wapi?"

"Kiwandani, ng'ambo ya reli."

Bisibisi alitazama mlango, kisha akaanza kukusanya vyombo vyake harakaharaka. "Nimeshaitwa nyumba kadhaa kwa jambo hilihili. Onyo naweza kulizima. Mkono siwezi kuurudisha."

"Usilizime."

"Sawa. Lakini mimi hapa sikuja." Chai aliyowekewa hakuigusa.

Kesho yake Mama Kadi alijikaza kisabuni akaenda kiwandani. Karani wa getini alikuwa mama mwenye miwani, mpole, akichonga penseli. Alimkaribisha kiti kabla hajajitambulisha.

"Mumeo amelalamika?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Basi hakuna tatizo." Karani alipuliza unga wa penseli. "Na kile kikohozi chako, dada, kipatie dawa. Kutoka nje kila mara na baridi hii, utaumia."

Mama Kadi alishukuru, akatoka. Alipofika nyumbani alibonyeza Kubali, akamaliza ratiba ya mazishi.

Jumapili alikuja mwanamke wa mtaa wa pili na binti yake mdogo. Walisimama barazani kama watu waliokuja kuangalia mgonjwa.

"Samahani dada," mwanamke alisema. "Tumesikia mkono wa baba yake uko hapa."

Akawakaribisha. Mumewe alikuwa kwenye kochi. Binti alimsalimia shikamoo, akaketi sakafuni mbele ya magoti yake, akafungua kitambaa cha kichwa. Mkono wa kushoto uliinuka wenyewe, ukapapasa utosi, ukagawa nywele. Mkono wa kulia, ambao haukuwahi kusuka mtu, ukafuata kwa kubabaika, na kila ulipokosea ule mwingine uliusukuma pembeni. Mumewe aliutazama kama anavyotazamwa fundi wa watu akiwa kazini. Binti alisinzia.

Mama Kadi alimvuta mgeni jikoni, akamnong'oneza: "Na mwenyewe yuko wapi?"

"Alikuwa akirudi kila siku, ila kila siku akipungua. Mwishowe havikurudi hata viatu." Mwanamke alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Sasa tunamtafuta kidogokidogo. Mguu tumeupata kwa jirani wa kanisani."

"Mmeripoti?"

Mgeni aliweka kidole mdomoni, akaelekeza kichwa sebuleni, kwenye sikio.

Waliondoka nywele zimekwisha kusukwa, mistari imenyooka, wakaahidi kuja tena. Jumatatu alfajiri basi la kiwanda lilipiga honi, mumewe akapanda pamoja na wenzake.

Mchana ule kompyuta ililia mfululizo, kisanduku juu ya kisanduku, hadi ua la kadi likafunikwa lote. Mama Kadi hakusoma. Alibonyeza Kubali, Kubali, Kubali, kisha akaenda kupika.

Jua lilipozama alisikia lango likifunguliwa na hatua zikipanda barazani. Ufunguo haukuingia kitasani. Mtu aligonga, kwa adabu, kama mgeni asiyejua kama wenyeji wapo.

"Hodi," ilisema sauti ambayo hajawahi kuisikia.

Alichungulia dirishani. Shati lilikuwa lile alilolipiga pasi asubuhi.

"Karibu," alijibu, akavuta kiti, akamwonyesha mahali pa kunawa mikono.