Mguu wa Jabiri Forodhani

Mguu ulifika Dar es Salaam mwezi wa Septemba mwaka 1948, ndani ya kasha lililotoka Bara Hindi. Jabiri alipopata karatasi ya posta alimwambia mkewe, Mwamvita, kwamba Ijumaa ile angekwenda msikitini kwa miguu miwili. Ijumaa ikapita, na nyingine saba baada yake.

Jabiri alikuwa Myao kutoka nchi ya Nyasa. Vita vilimpeleka Burma, na huko bomu likamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Hospitali ya jeshi Bara Hindi ikamchongea mwingine wa mti, mwepesi, wenye mikanda ya ngozi, na kwa mguu huo akashuka meli Dar es Salaam kungoja usafiri wa kurudi kwao. Usafiri ulipokuja hakuupanda. Alikwisha kumwona Mwamvita, binti wa Kizaramo aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na kambi. Wakaoana, wakapanga chumba Temeke, naye akapata kazi ya ubawabu kwenye kinu cha mafuta ya nazi kule Buguruni.

Masika ya mwaka huo wa 1948 akaugua homa karibu wiki tatu. Mguu ulikaa mvunguni bila kuguswa, na siku alipouvuta auvae, ulimmeguka mkononi kama mkate mkavu. Mchwa walikuwa wameula kwa ndani, wamebakiza ganda. Akaandika barua hospitali ileile, nao wakamjibu kwamba vipimo vyake bado wanavyo, watamletea mwingine.

Sasa mguu huo mpya ulikuwa forodhani, na Jabiri aliuendea kwa magongo kutoka Temeke, karibu kila siku. Karani wa pale aliitwa Adelard, Mhaya wa makamo, mpole, ambaye hakuweza kitu.

"Bwana Jabiri, hii ni mali iliyotoka jeshini," alimweleza siku ya kwanza. "Haitolewi kwa raia mpaka ije barua ya jeshi kwamba ni yako. Na isipotolewa kwa siku sitini inakwenda mnadani."

Jabiri akaenda ofisi ya askari wa zamani. Wakafungua daftari, wakapitisha kidole juu mpaka chini.

"Haya ni majina ya Tanganyika. Wewe ni askari wa Nyasa. Andika Zomba, kwenye serikali ya kwenu."

Akaandika Zomba. Jibu lilichukua wiki tano, nalo lilisema kwamba kwa kuwa anaishi nje ya nchi yake, shauri lake litazamwe na ofisi ya huko anakoishi. Akaichukua barua ile akaipeleka ofisi ileile ya askari wa zamani. Wakaisoma, wakaikunja, wakamrudishia. Jina lake bado halikuwamo daftarini.

"Basi mie ni askari wa nani?" aliuliza.

Wakamwita mtu aliyekuwa nyuma yake.

Makwapa yalikuwa yamechubuka kwa magongo mpaka halali ubavu. Kula kwenyewe kulimshinda. Mwamvita alikuwa akimwekea uji, anaukuta umeota utando. Kule kinuni, Sadallah msimamizi, aliyekuwa amemvumilia tangu masika, alimwita pembeni.

"Mie sikufukuzi, Jabiri. Lakini mwenye kinu anasema bawabu wa magongo hamkimbizi hata kuku. Nakupa mpaka Jumatatu."

Siku ya sitini iliangukia Jumamosi. Jabiri alifika forodhani milango haijafunguliwa. Ilipofunguliwa, safari hii hakusimama dirishani. Alipita ndani moja kwa moja mpaka kwenye meza ya bwana mkubwa, Mzungu mwekundu aliyekuwa akipiga mihuri, akamsalimu kijeshi. Adelard akaja mbio nyuma yake.

"Anataka nini?" bwana mkubwa aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kazini.

"Nataka unione nikiuvaa," alisema Jabiri. "Kama si wangu, uzeni."

Bwana mkubwa alimtazama, akatazama suruali iliyofungwa fundo gotini. Akaashiria kasha liletwe.

Likafunguliwa kwa patasi. Mguu ulikuwa umelala katika majani makavu, mpya, unanukia vanishi. Jabiri aliketi sakafuni, akafungua fundo la suruali, akaingiza kigutu.

Kikacheza. Kigutu kilizama mpaka chini, kikazunguka humo ndani kama mchi kwenye kinu. Alikaza mikanda mpaka tundu la mwisho, akajaribu kusimama, mguu ukageuka kisigino mbele. Akaangukia mkono.

Vilikuwa vipimo vyake, ila vya mtu aliyekuwa akila nyama ya jeshi.

"Hauingii," alisema bwana mkubwa. "Si wake huu."

Jabiri hakumsikia, au alijifanya hakumsikia. Alivua kofia yake ya kufuma akaishindilia ndani ya tundu. Akavua fulana, nayo akaishindilia. Alikaza tena mikanda, akashika ukingo wa meza, akasimama. Magongo akayaacha pale chini. Kisha akatembea, kidari wazi, mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, akasimama wima mbele ya meza ile. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni.

"Vua," bwana mkubwa alisema.

"Njoo univue wewe."

Adelard alikuwa ameinamisha uso. Bwana mkubwa alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Mwisho akamwambia karani maneno mawili matatu ya Kiingereza, akarudi kwenye mihuri yake.

Adelard akaleta fomu nyingine.

"Ameamuru iandikwe ni kitu kisicho na thamani," alisema kwa sauti ya chini. "Kisicho na thamani hakihitaji barua. Tia sahihi hapa, uende kabla hajabadili nia."

Jabiri alisoma mstari ule pole pole. Akatia sahihi.

Jumatatu alfajiri alitembea mpaka Buguruni. Langoni alimkuta mtu mgeni, jina lake Mwinshehe, amevaa lile koti la kaki la ubawabu. Sadallah alitoka, akakwepa macho yake.

"Mwenye kinu alileta mtu wake jana. Sikuwa na la kufanya, ndugu yangu."

Alirudi Temeke jua likiwa limepanda, soksi aliyokivisha kigutu imeloa damu. Mwamvita alikuwa mlangoni, anashona vipande vya kanga kuukuu, tabaka juu ya tabaka, apate kifuko cha kuvisha kigutu.

"Nimekuta mtu," Jabiri alisema.

Sindano ilisimama. Machozi yalimtoka Mwamvita, hakuyafuta.

"Kaa," alisema hatimaye. "Lete nikupime. Kesho utajaribu kazi Kinondoni, na Kinondoni ni mbali."