Ubavu wa Kushoto wa Bihogo

Tusifichane, Joselyne alipenda kusifiwa. Alilelewa Uganda, akarudi kwao akajenga Ndera, akapewa na serikali mtamba aitwaye Bihogo kwa sharti linalojulikana: ndama wake wa kwanza aende kwa jirani asiye na ng'ombe. Jirani huyo alikuwa Béatha, mjane wa mteremko wa chini, aliyeishi kwa kuuza mizigo ya majani kwa wafugaji. Miaka miwili alimsubiri ndama huyo. Sasa Bihogo alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mteremko wa Joselyne ulikuwa na kila aina ya majani: nyasi ngumu, nyasi laini, maua ya njano, vichaka vinavyopendwa na nyuki. Yeye akaona uchafu mtupu. Alikuwa amesikia habari za luzerne, majani ya jamii ya maharage yanayoongeza maziwa, basi akang'oa vyote, akachoma mizizi, akapanda luzerne peke yake.

"Acha hata nusu, Mama Ihirwe," Béatha alimwomba siku ile. "Ng'ombe iko inapenda kuchanganya."

"Magugu hayo, mama!" Joselyne alimjibu huku akicheka. Ukabaki ukanda mmoja tu kando ya uzio, mwembamba kama mkeka, mahali jembe liliposhindwa na mawe.

Jumamosi Béatha alikuwa aje kumwona Bihogo, pamoja na wanawake wawili wa kanisani kwake. Ng'ombe anayeonyeshwa wageni awe ameshiba, Joselyne alilijua hilo. Alfajiri akakata luzerne changa, umande ukiwa bado juu yake, akajaza hori hadi pomoni. Hakuweka hata unyasi mmoja mkavu.

Wageni walifika saa nne. "Yewe!" Béatha akapiga makofi. "Tumbo gani hili? Ndama wangu ni jitu!" Wenzake wakacheka, wakamsifu mwenye ng'ombe, na Joselyne akavimba kichwa.

Kisha akatazama vizuri. Ndama hukaa kulia. Tumbo hili lilikuwa limevimba kushoto, juu kabisa, karibu na uti wa mgongo. Akaligonga kwa vidole, likalia kama ngoma. Bihogo akanyoosha shingo, akafungua mdomo, na hewa haikutoka.

Joselyne alijua kosa ni lake, lakini mbele ya wageni aseme nini? Akatabasamu. Dakika nzima akatabasamu, jamani, huku mnyama anakosa pumzi! Bihogo akapiga teke tumbo lake mwenyewe na magoti yakaanza kulegea.

"Mama, ndama si mkubwa hivyo," hatimaye Joselyne akasema. "Ni gesi. Nimemlisha vibaya. Anakufa."

Akampigia Manzi, daktari wa mifugo, aliyekuwa Kicukiro, upande wa pili wa mji. "Mafuta ya kupikia, nusu lita, polepole asipaliwe," Manzi akasema. "Mfunge kijiti mdomoni atafune. Miguu ya mbele iwe juu. Akilala tu, umempoteza na ndama wake. Nakuja." Kutoka Kicukiro! Joselyne alitaka kulia.

Béatha hakulaumu. Alivua kitenge, akashika pembe. Wakammiminia mafuta, wakamfunga kijiti, wakamsukuma apande tuta, Béatha akikanda ule ubavu kwa ngumi zote mbili. Jicho la Bihogo likawa jeupe. Goti moja likagusa chini. "Simama, mwanangu, simama!" Joselyne akapiga kelele. Ndama wa watu! Angemtazamaje tena mama huyu?

Bihogo akatafuna kijiti. Akatafuna tena. Kisha ikatoka mbweu ndefu, yenye harufu mbaya kupita kiasi, na hakuna aliyeziba pua. Ikatoka ya pili. Ubavu ukaanza kushuka. Upande wa kulia, chini ya kiganja cha Béatha, ndama akapiga teke.

"Yupo," Béatha akasema, akaanza kulia.

Manzi alipofika alimpima Bihogo, akasema atapona. "Ila leo na kesho, nyasi ngumu tu. Luzerne hapana."

Joselyne akautazama mteremko wake, kijani kimoja kutoka juu hadi chini. Akaenda kwenye ukanda wa uzio, akakata yote yaliyokuwepo. Hayakujaza hata beseni.

"Na jioni atakula nini?" akauliza. Alijiuliza mwenyewe, lakini wote walisikia.

"Kwangu majani yapo," Béatha akasema. "Yote yale uliyaita magugu."

Joselyne akafungua kamba ya Bihogo. Ndiye aliyekuwa atoe ndama, na sasa alishuka mteremko kwenda kwa Béatha akiwa mwombaji, mbele ya wageni wale wale. Hakujali tena. Njia nzima kiganja chake kilikuwa ubavuni mwa Bihogo, upande wa kushoto, na kila hatua tatu alisimama kusikiliza.