Taa ya Tatu Chini ya Kitambaa

Oktavia hakuwa mtu wa kuamini mashine. Alimwamini Fidelis, na huko ndiko alikoumizwa.

Fidelis alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Ni Oktavia aliyemwombea kazi kwa Sista Mektilda, mkuu wa kliniki ya kifafa ya misheni, nje kidogo ya mji wa Njombe. Ilikuwa miaka ile ambayo kompyuta zilizochoka Ulaya zilishuka nchini pamoja na mitumba mingine, na kila aliyejua kubonyeza kitufe aliitwa fundi. Misheni ililetewa seva, sanduku la chuma lenye diski tatu kwa mbele, kila diski na taa yake ya kijani. Fidelis akakabidhiwa sanduku, Oktavia akakabidhiwa kumbukumbu za wagonjwa.

Kifafa hakitibiwi kwa kubahatisha. Kila mgonjwa ana kipimo chake cha dawa kilichotafutwa kwa miezi. Kikizidi analala kutwa, kikipungua anaangukia motoni. Vipimo hivyo vilikaa kwenye madaftari ya shule ambayo wagonjwa walikuja nayo mkononi, mengine yamelowa mvua, mengine yametafunwa na panya. Mwaka mmoja na nusu Oktavia aliyaingiza kwenye kompyuta, madaftari elfu moja na mia mbili, kwa vidole viwili.

Alipomaliza, Fidelis alisema madaftari hayana kazi tena.

"Na mashine ikifa?" Oktavia alibisha.

"Shemeji, ndiyo maana diski ziko tatu. Kila moja inabeba kipande chake, pamoja na hesabu ya vipande vya wenzake. Ikifa moja, mbili zinazobaki zinapiga hesabu na kujua mwenzao alikuwa na nini."

"Zikifa mbili?"

"Kabla ya hapo utajua. Ya kwanza ikifa, taa yake inazimika na mashine inalia. Tunachomeka nyingine, wenzake wanaijaza. Mgonjwa hata habari hana."

Maneno hayo yalimkaa Oktavia moyoni mpaka akayafanya yake. Mgonjwa aliyeng'ang'ania daftari aliambiwa na yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyesomea: hata moja ikifa, mbili zinajua. Anselmi, mkulima wa viazi wa Iwawa, alimuuliza mara tatu kabla ya kulitoa daftari la binti yake Janeth. Lilikwenda jikoni pamoja na mengine, yakawashiwa moto wa uji wa wodini.

Kwa furaha ya kumaliza, Oktavia aliifumia seva kitambaa cheupe cha uzi, kama wanawake wanavyofunika redio sebuleni. Kilifunika juu tu. Jumatatu moja ya Novemba alikuta mashine inalia. Fidelis alikuja mbio, akabonyeza hapa na pale, ikanyamaza.

"Umeme mdogo tu, shemeji." Kisha akakitazama kitambaa. "Hiki ungekirefusha kikashuka hadi mbele. Vumbi linapitia hapo."

Oktavia alifurahi, maana wanaume wachache huona kazi ya sindano. Jioni mbili aliongeza mistari ishirini na pindo la maua. Taa zote tatu zikafunikwa. Mashine haikukosea hata jina moja, na Januari Fidelis aliaga kazi, akafungua duka la kuchapa barua na kadi za harusi Makambako. Oktavia akamfumia naye kitambaa, zawadi ya duka.

Asubuhi moja ya Julai, sakitu imeganda kwenye majani, seva haikuamka.

Oktavia aliifunga kwa blanketi, akapanda gari la Makambako akijipa moyo kwamba shemeji yupo. Alikuta duka limefungwa. Jirani wa duka hilo, Seleman, fundi wa redio na kompyuta aliyehamia kutoka Kigoma, alimwambia Fidelis ameshuka stesheni kupokea karatasi.

"Niwekee hapa, mama, niitazame wakati unamsubiri."

Seleman alivuta diski ya kwanza, akaijaribu, akatikisa kichwa. "Hii imekufa. Ila hilo peke yake lingevumilika." Ya pili ilikuwa nzima. Akavuta ya tatu, kikamjia mkononi kifuniko cha plastiki. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila vumbi la miezi mingi.

"Hii haijafa, mama. Hii imetolewa."

"Lakini ilikuwa inafanya kazi. Kila siku."

"Ni mbili tu zilizokuwa zinafanya kazi, zikipiga na hesabu ya ile ya tatu, usione pengo. Mpaka hii ya kwanza nayo ikachoka."

Oktavia aliikumbuka Jumatatu ile, na mistari ishirini. Alijisikia mjinga kuliko alivyojisikia mwenye hasira, na ujinga ndio uliomchoma zaidi.

"Ile ya tatu ikipatikana jinsi ilivyotolewa," Seleman alisema taratibu, "tukaiunga na hii nzima, kumbukumbu nyingi za hadi Novemba zinaweza kurudi. Ila iwe haijafutwa."

Fidelis alifika akiwa na boksi la karatasi begani. "Kamwene, shemeji," alisalimu kwa uchangamfu wake wa siku zote. Kisha akaliona sanduku liko wazi, na uchangamfu ukaisha.

"Diski iko wapi, Fidelis?"

Fidelis alifungua duka. Kompyuta yake ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe chenye pindo la maua.

"Imo humo," alisema. "Niliifuta wiki ileile niliyoitoa, humu isingefanya kazi bila kufutwa. Shemeji, nilijua mbili zingetosha. Nilikuwa niirudishe duka likisimama."

"Ulijua mbili zinatosha. Na mimi niliyekuombea kazi, ulinifikiria?"

Oktavia akakivuta kitambaa chake, akakikunja mara nne na kukitia kwenye pochi. Katika vyote alivyompa Fidelis, ndicho pekee alichoweza kurudi nacho Njombe.

Alikwenda moja kwa moja kwa Sista Mektilda akamweleza yote, bila kumficha shemeji yake na bila kujificha yeye. Sista akamwambia kesho ni siku ya kliniki, akanunue madaftari.

Kesho yake wa kwanza benchini alikuwa Anselmi, amelala njiani kuwahi. Janeth alikuwa amemwegemea, dawa zao zimekwisha tangu juzi.

"Baba Janeth," Oktavia alianza, daftari jipya likiwa wazi mbele yake, "mwenzangu mmoja alituibia. Mashine haina kitu. Binti alikuwa anakunywa vidonge vingapi?"

Anselmi alifikiri sana. "Vya rangi mbili. Asubuhi nusu, au moja na nusu. Walimbadilishia mara nyingi, ndiyo maana nilikuwa natunza daftari."

"Aliyeiba ni mtu niliyemwamini."

"Mimi simjui huyo," Anselmi alisema kwa upole, akimfunika binti yake shuka. "Daftari nilikupa wewe."