Mchuzi Hauna Miguu

Maman Georgette alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake huko Kadutu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya chakula cha mchana, wakati Papa Pascal, jirani yake wa upande wa juu, alipopita na mbuzi wake nyuma. Papa Pascal hakuwa mfugaji. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyependa kukaa nganda akinywa bia, na mbele ya kila nganda ya Bukavu kuna mtu anayechoma mishikaki. Mbuzi waliomfuata ni wale aliowala. Alisalimia, Georgette akaitikia bila kuacha mchi, na mbuzi wakapita kwa mstari, wa mwisho akichechemea.

Wanyama walikuwa wameanza kuwafuata walaji wao wiki hiyo, baada ya misa ya Jumapili. Hawakula majani ya mtu, hawakuacha mavi njiani, hawakunuka. Walitembea tu, wakacheua na kupumua. Aliyekula mnyama mzima alifuatwa na mnyama mzima, na aliyekula kipande alipata kipande, mpaka vipande vikatosha mnyama mzima. Mbele ya nyumba nyingi za Kadutu lilisimama paja moja la ng'ombe wa Noeli, au bawa la kuku likijipepea. Samaki hawakuja. Watu walisema sambaza, wale dagaa wa Kivu, wana shughuli zao ziwani, wakaliacha hapo. Waendesha pikipiki walijifunza kupiga honi mapema, na paroko aliomba wenye makundi makubwa wayaache nje ya kanisa.

Nyuma ya Georgette hakukuwa na kitu. Hata ukwato.

Sababu ilijulikana. Katika ukoo wao mwanamke hakula mbuzi wala kuku. Hiyo ilikuwa haki ya wanaume, na aliyeuliza kwa nini alitumwa kuchota maji. Ng'ombe wa baba yake waliondoka na watu wenye bunduki kabla yeye hajaolewa. Akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, na kila Noeli ambapo robo kilo ya nyama iliingia nyumbani, vipande vilienda kwenye sahani za watoto, yeye akala bugali na mchuzi. Mchuzi alikuwa amekunywa mwingi sana maishani mwake. Lakini mchuzi hauna miguu.

Ndiyo maana Larissa alipofika uani siku ile, alisimama akatazama huku na huku, macho yakamlowa. Larissa alikuwa binti wa mjini, mwenye kizibao cha kijani cha shirika liitwalo Sahani ya Kijani, ambalo ofisi yake iko Muhumba, karibu na ziwa. Shirika hilo lilikuwa likifundisha watu waache nyama. Lilieleza kwamba pumzi ya ng'ombe inaipasha mbingu joto, na mbingu ikipata joto huitupa mvua yote kwa mara moja, na mvua hiyo huteremka na nyumba za watu. Kuhusu nyumba, Kadutu hakuna aliyebisha. Jiko la Georgette lilikuwa limeshaondoka, likashuka korongoni na sufuria zake, na sasa ukingo wa korongo ulikuwa nyuma tu ya chumba chake cha kulala.

"Maman, uko mufano ya muji muzima," Larissa alisema. "Kwako ni zéro. Zéro kabisa!"

Alimvisha bangili ya kijani, ishara ya aliyeapa kuacha nyama, akampiga picha. Kila aliyevaa bangili hiyo aliahidiwa ukuta wa mawe wa kushikilia udongo nyuma ya nyumba yake. Georgette alivaa bila kuwaza. Kuacha nyama hakukumpunguzia kitu, na ukuta alikuwa anauhitaji kuliko mtu yeyote barabarani kwao.

Shida ililetwa na posa. Binti yake Mapendo alikuwa anaolewa, na wakwe walikuja kutoka Nyangezi kuzungumza mahari. Ng'ombe wa ukoo walikubaliwa upesi. Kisha baba wa kijana, Papa Bisimwa, akauliza kama ilivyo desturi: mama wa binti apewe nini chake mwenyewe? Jibu linajulikana tangu zamani, kitenge na blanketi. Tonton Gracien, shemeji wa Georgette, alikuwa tayari amefungua mdomo kulitoa.

"Mbuzi," alisema Georgette.

"Ya kufuga?" aliuliza Papa Bisimwa.

"Ya kukula."

Tonton Gracien alicheka, kisha akaona kwamba amecheka peke yake. "Banamuke ya kwetu habakulake mbuzi, maman."

"Habakulake. Miye nitakula."

Alikuwa amelibeba neno hilo tangu utotoni, tangu jioni zile alipokaa nyuma ya nyumba ya baba yake akinusa mafuta yakidondokea makaa, na kaka zake wadogo wakitoka na midomo inayong'aa. Lilimwuma wakati ule, na lilikuwa bado linamwuma. Papa Bisimwa, ambaye hakutaka kugombana na mama mkwe wa mwanawe, alisema mbuzi atakuja.

Mbuzi alikuja siku chache kabla ya sherehe, dume jeusi lenye ndevu, akafungwa kwenye nguzo ya mlango. Larissa alimwona, akaenda mbio kutoa habari. Jibu la Muhumba lilikuwa fupi: mbuzi akiliwa, ukuta haupo. Na kwa kuwa picha ya Georgette ilikuwa imeshachapishwa kwenye bango kubwa, mratibu wa shirika angekuja mwenyewe kuongea naye katika salle, ukumbi wa parokia, mbele ya watu wote.

Monsieur Alphonse, mratibu, alifika akiwa amechelewa, kwa sababu kundi lake halikupita kwenye njia za Kadutu ila kwa zamu. Alikuwa mtu mpole, aliyesoma, aliyesafiri nchi nyingi. Nyuma yake walikuja ng'ombe wa mabara matatu, wengine wa rangi ambazo Kivu haijaziona, na nguruwe, na kondoo wenye sufu nzito, na kuku wakiwa wamepanda juu ya migongo ya wote hao. Waliotoshea waliingia. Wengine walijaza uwanja, wakafunga barabara mpaka sokoni. Salle ikapata joto, madirisha yakaanza kutoka jasho. Monsieur Alphonse alifafanua madhara ya nyama kwa ufasaha, ingawa waliokaa nyuma walisikia sauti tu, maana mbele yao kulikuwa na pembe.

Georgette alinyanyua mkono.

"Monsieur, ile ngombe yote ni yako?"

"Ni ya zamani, maman. Niko napunguza. Siku hizi nakulaka nyama kwa mikutano tu."

"Na mukutano iko lini na lini?"

"Kila wiki," alisema Larissa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeagiza chakula.

Georgette alisimama. Ng'ombe mmoja mweupe alikuwa anampumulia shingoni, akamsukuma pua pembeni.

"Nilizaliwa, bakaniambia mbuzi ni ya banaume. Nikaolewa, bakaniambia batoto kwanza. Vita ikakuya, ikakula hata yenye ilikuwa haijazaliwa. Sasa nimezeeka, mbuzi imefika kwa mulango yangu, na weye unaniambia niache. Niache nini? Nilishika nini?"

"Ukuta, maman," alisema Monsieur Alphonse kwa upole. "Ufikiri ukuta."

"Nimefikiri. Ngombe yako njo inapashaka mbingu moto, na mvua inaangukaka kwangu. Ukuta ulipaswa kujengwa hata kama ningekula tembo."

Akavua bangili, akaitundika kwenye pembe ya yule ng'ombe mweupe, akatoka. Watu walipiga makofi, na Papa Pascal akapiga ya kwake kwa muda mrefu kuliko wote. Monsieur Alphonse aliwashukuru kwa mchango wao.

Siku ya sherehe mbuzi alichinjwa, akapikwa, na Georgette akakaa kwenye benchi la wanaume na sahani kubwa mapajani. Hakumgawia mtu. Wageni walipewa bugali na mchuzi, mwingi na mtamu, na Tonton Gracien alipotafuta kipande kwa kijiko hadi chini ya bakuli, hakukipata. Mapendo alimtazama mama yake akitafuna, akalia kwa furaha. Nyama iliyobaki ilikaushwa juu ya moto, na Georgette aliendelea nayo siku zilizofuata, taratibu, hata ulimi, hata masikio. Mbuzi alikuja kadiri alivyoliwa. Kwanza lilisimama paja mlangoni, kisha bega, kisha mbavu zikajipanga, na mwisho kichwa, na ndevu zake.

Ukuta haukujengwa. Mawe yaliyokuwa yametengwa kwa Kadutu yalipelekwa Muhumba, kupanua uwanja wa Monsieur Alphonse, kwa sababu baada ya mkutano wa wiki hiyo kundi lilikuwa limeongezeka. Mvua kubwa iliyofuata ilichukua ukuta wa nyuma wa chumba cha Georgette na kitanda pamoja nao. Yeye alikuwa sokoni.

Bango halikuondolewa. Bado liko njia panda, lenye uso wake na bangili ya kijani na maneno: GEORGETTE AMEACHA NYAMA. NA WEWE? Kila akishuka sokoni anapita chini yake, na dume jeusi linatembea nyuma yake, kichwa juu. Wageni humwuliza kama kweli ni yeye pale juu.

"Ule simujue," hujibu Georgette. "Lakini huyu ni wangu. Nilimukula miye mwenyewe, yote."

Kisha hupanda mlima kurudi nyumbani, akatandika mkeka kwenye upande wa chumba uliobaki. Mbuzi hulala pale ulipokuwa ukuta.