Sauti ya Pili

Mimi nina mdomo. Mtaa mzima unaniita Mdomo, na sijawahi kukasirika, maana mdomo huu ndio unaonilisha. Kazi yangu ni kutafsiri filamu za Kihindi. Stelingi, yule shujaa wa filamu, akilia, mimi nalia. Adui akicheka, mimi nacheka. Bibi kizee akilaani ukoo mzima, ni mimi huyo huyo, nimebana pua. Nafanyia kazi stoo ya nyuma ya nyumba: godoro limeegemezwa mlangoni kuzuia kelele, feni imezimwa kwa sababu maikrofoni inaisikia, nami nimejifunika blanketi gubigubi huku jasho likinitiririka mpaka kiunoni. Ukinikuta hivyo utadhani nina homa.

Sasa nikwambie jambo ambalo wateja hawalijui. Kihindi sikijui. Hata maji ya kunywa siwezi kuomba. Aliyekijua ni mke wangu. Mama yake alishona miaka mingi katika duka la vitambaa la familia ya Kihindi, na yeye alikulia chini ya meza ya kukatia nguo, akicheza na watoto wa tajiri mpaka lugha ikamwingia. Tulikuwa tunakaa wawili chini ya blanketi lile moja, yeye ananinong'oneza sikioni, mimi natangaza. Miaka sita tulikaa hivyo. Watu walikuwa wananisifu, "Mdomo, wewe ni kiboko!" na mimi nilikuwa naipokea sifa yote peke yangu, bila haya.

Na mimi, mjinga mkubwa, nikamlipa nini?

Siku moja tulitoka hospitali, tumeambiwa habari ya mtoto tuisahau. Akakaa ukingoni mwa kitanda, hajavua hata viatu, akaniambia taratibu, "Siku ukinichoka, njoo uniambie mwenyewe. Usimtume mtu." Nikamshika mkono. Nikamwambia nitamchoka vipi, akili zake ziko wapi.

Wiki mbili baadaye nilikuwa stoo peke yangu, mke wangu bado hana moyo wa kazi, natafsiri kichekesho. Kuna mwanamke mnene anamkimbiza mumewe na mwiko. Maandishi ya Kiingereza ya chini ya picha yananipita mbio, sina la kusema, na katika kazi hii ukinyamaza umekwisha. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikabana pua, nikasema kwa sauti ya yule mwanamke, "Siku ukinichoka, njoo uniambie mwenyewe! Usimtume mtu!"

Watu walivunjika mbavu. Filamu iliuzwa kama maji. Muuza nyama alikuwa anawaambia wateja wake, "Nyama ukiichoka, njoo uniambie mwenyewe!" Waendesha pikipiki walikuwa wanarushiana maneno hayo njia panda. Mke wangu aliyasikia saluni. Msusi anamsuka, anacheka, anamsimulia. Alirudi nyumbani nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Hakupiga kelele. Aliingiza nguo kwenye begi, akasema, "Sauti yako sitaki kuisikia tena maisha yangu yote." Akaenda kwa mama yake.

Nilidhani ni hasira za siku mbili. Nikapiga simu, amenifungia. Nikaandika barua, ikarudi vipande vipande kwenye bahasha. Nikaenda mwenyewe mara moja, mara moja tu, shemeji yangu akafungua mlango. Huyo kaka wa mke wangu ni fundi wa vyuma, kifua kama kabati. Aliniambia, "Ukikanyaga hapa tena, nitakung'oa huo mdomo uuweke mfukoni." Nikafyata mkia, nikarudi. Haki ya Mungu, nilikuwa nalia njiani na watu wananisalimia, "Mdomo, filamu mpya lini?"

Miezi mitatu ikapita. Chakula kilikuwa hakipandi. Stoo ilikuwa na blanketi lile lile, na harufu ya mafuta ya nywele ya mke wangu haijatoka. Nilikuwa najifunika nasahau kuwasha maikrofoni.

Jumatatu moja mwenye duka la filamu akanipigia. "Mdomo, mama mkwe wako alikuwa hapa. Anataka filamu mpya, ya mapenzi, ifike Ijumaa. Anasema binti yake anasafiri Jumamosi, amepata kazi nje ya nchi, anahamia huko moja kwa moja. Wanataka kutazama ya mwisho pamoja."

Nilikaa chini pale pale nilipokuwa, kwenye ndoo. Jumamosi! Siku tano tu, halafu nisimwone tena. Nikamwuliza, "Una filamu gani?"

"Ipo moja. Kijana na binti wanatenganishwa na familia, wanatafutana filamu nzima. Mwisho wake mbaya, lakini nzuri sana."

"Nipe mimi," nikamwambia. "Usimpe mtafsiri mwingine. Ukimpa mwingine tutakosana."

Mpango ukanijia wenyewe. Mama mkwe wangu, pamoja na miaka yote ile dukani, hajui Kihindi hata neno, kwa hiyo nyumba ile lazima isikilize tafsiri. Mke wangu atakuwa ameketi pembeni yake. Azibe masikio, atayaziba filamu yote? Diski zetu zina sauti mbili: ukichagua ya kwanza unapata Kihindi chenyewe, ukichagua ya pili unanipata mimi. Kwa mama mkwe kila mara ni ya pili.

Nilifanya kazi siku tatu bila kumwona mtu. Bila mke wangu sikioni niliyapapasa maandishi ya chini kama kipofu, nikakosea hapa, nikatunga pale. Mwishoni kabisa binti amepandishwa treni. Kijana anafika stesheni, anamwona dirishani, anasimama. Midomo yake haichezi. Treni inaondoka polepole, dakika mbili nzima, muziki tu. Hapo ndipo nilipopataka. Nilitoa kichwa kwenye blanketi, nikavuta pumzi, nikasema kwa sauti yangu, bila kubana pua:

"Mke wangu, hii si filamu, ni mimi. Nilikosa. Ulinipa neno la ndani kabisa, nikaliuza watu wacheke. Usiende. Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa kwenye ngazi za sinema ya zamani, pale tulipokuwa tunangojana. Njoo unitukane, njoo unipige, lakini njoo. Nakupenda, jamani. Nakupenda mpaka naumwa."

Kisha nikalia, na kile kilio sikukikata.

Ijumaa alasiri mwenye duka akanitumia ujumbe: mama ameichukua. Roho yangu ikawa juu. Nilinyoa ndevu, nikapiga pasi shati la bluu alilolipenda.

Jumamosi saa mbili nilikuwa tayari kwenye ngazi. Sinema yenyewe ilifungwa zamani, siku hizi ni ghala la makochi, lakini ngazi ni zile zile, na mahali petu ni ngazi ya tatu, karibu na nguzo. Nikakaa hapo.

Saa tatu na nusu akaja muuza nyama, na aproni yake ya damu. "Ameshakuja?"

"Nani?"

"Si mkeo! Tuliitazama jana nyumbani. Mke wangu amelia mpaka akaunguza maharage. Nimefunga bucha nije nione."

Ala! Nilikuwa nimesahau kwamba filamu huuzwa kwa kila mtu. Wakaja dada wawili wa duka la simu. Akaja yule msusi, macho mekundu, akaniomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake. Waendesha pikipiki wakaegesha kando ya barabara, wamezima injini kwa heshima. Saa nne ilipofika kulikuwa na watu zaidi ya thelathini, wote wametazama kona ya barabara, na kila mwanamke akitokeza mtu anauliza, "Ndiye?" Mji mzima ulikuwa umenisikia. Nikajiambia, kama hawa wamesikia, yeye atakosaje?

Saa tano. Jua likahamia ngazini. Muuza nyama akasema wanawake huchelewa, msusi akamwambia anyamaze. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja ananigusa bega kama msibani. Sikuweza kuinuka. Kila nikisema nahesabu watu ishirini wapite halafu niende, nikifika ishirini naanza upya.

Saa sita kasoro mtu akatokeza kwenye kona anakimbia, ndala moja imekatika. Alikuwa mama mkwe wangu. Peke yake. Mkononi ameshika diski.

"Mama," nikasema. "Yuko wapi?"

Alikaa ngazini akihema. Alikuwa hajanisemesha miezi mitatu. "Nimeisikia sasa hivi," akasema. "Sasa hivi tu, mwanangu."

"Si mlitazama jana?"

"Tulitazama. Lakini yeye aliweka sauti ya kwanza. Aliniambia, mama, hiyo ya pili siwezi, nitakutafsiria mwenyewe. Akanitafsiria filamu yote, neno kwa neno. Tulipofika kwenye treni akanyamaza. Nikamwuliza, kijana anasema nini? Akasema, hasemi kitu, mama. Anamwacha aende." Akajifuta uso kwa kanga. "Leo nyumba ikanishinda ukimya. Nikaweka ile ya pili, nisikie mtu anaongea."

Miaka sita mke wangu amenitafsiria mimi, nami nikasahau kwamba katika mji wote ni yeye peke yake asiyenihitaji nimtafsirie. "Mpigie," nikamwambia. "Mpigie mama, tafadhali!"

"Nimepiga njia nzima. Imezimwa. Wameshapaa."

Muuza nyama alikuwa bado amesimama pale. Akageuza uso, akajifanya anaangalia pikipiki.

"Ningekuja mwenyewe," nikasema. "Nilitaka kuja. Shemeji aliniambia—"

"Shemeji yako aliondoka Jumatano," mama akasema. "Amepata kazi ya mageti huko mbali. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, tulikuwa wawili tu, na mlango ulikuwa haufungwi." Alisema bila hasira, na ingekuwa afadhali angenizaba kofi. "Leo mkeo aliamka alfajiri. Akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, amevaa viatu, begi miguuni. Alikaa saa nzima. Nikamwuliza, unamngoja dereva? Akasema, ndiyo, mama."

Akaiweka ile diski juu ya goti langu.

"Dereva alikuwa nje muda wote huo. Alikuwa anapiga honi."