Pambizo za Picha ya Adu

Jumatatu asubuhi, tarehe saba Agosti 2023, picha ya Bikira Maria ilishushwa ukutani katika kanisa la kijiji cha Adu, pwani. Ilikuwa nyeusi, Mtoto haonekani. Kila mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Maria mbinguni wanawake waliipaka mafuta ya mbarika, kama wapakavyo mtoto mchanga, na moshi wa mishumaa ukaganda juu yake.

Fridah Thuku, fundi wa kukarabati picha kutoka Nairobi, alianza kuisafisha kwa pamba. Padri Eugene alitaka ubao wenye jina la mchoraji uwe tayari kabla ya sikukuu. Jina alilokuwa nalo ni la padri Mtaliano aliyejenga kanisa.

Kahonzi, ajuza wa miaka themanini, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," Fridah alisema.

"Marahaba. Picha hiyo ni ya babangu, Gona wa Nzai. Nataka jina lake lisomwe nami ni hai."

"Ulimwona akiichora?"

"Nilikuwa mgongoni mwa mamangu. Ningeonaje?"

"Basi nahitaji ushahidi."

"Nyie watu wa bara! Hata mamako ulimdai ushahidi?"

Jumatano pamba ilifunua pambizo: safu ya pembetatu zilizokwaruzwa kwa kisu wakati rangi ingali mbichi. Kila moja ilikuwa na mkato mdogo wa ziada kushoto mwa ncha. Kahonzi alisema babake alichonga vivyo hivyo kigango cha nduguye, nguzo ya kumkumbuka marehemu. Kilisimama kwenye boma la zamani ambalo ukoo wao ulilihama, kwa kuwa kigango hakihamishwi.

Mwaringa, mpwa wa Kahonzi, aliwapeleka huko. Alimwaga pombe ya mnazi chini, tambiko kwa marehemu, kabla hawajasogea karibu. Kigango hakikuwepo. Wezi walikikata kwa msumeno, likabaki gutu la kimo cha goti.

"Wamemuuza babu," Mwaringa alisema.

Kahonzi aliketi mchangani. Fridah alipiga magoti, akalipangusa gutu kwa brashi. Safu moja ya pembetatu ilikuwa imesalia. Mkato wa ziada ulikuwepo, kushoto, kwenye kila moja. Kwamba Gona ndiye aliyekichonga kigango hicho, hakuna aliyebisha.

"Sasa andika," Kahonzi alisema.

"Nitaandika pambizo. Sura ya Maria sina cha kuilinganisha nacho."

"Wanipa ukingo wa mkeka, mwanangu."

"Nakupa kilichothibitika, mama."

Jina la padri Mtaliano halikuandikwa. Hata kwake ushahidi haukuwepo. Ubao ulisema: *Mchoraji wa sura hajulikani. Pambizo: Gona wa Nzai.*

Mkesha wa Kupalizwa, Kahonzi aliingia kanisani pamoja na Mwaringa, chupa ya mafuta mkononi. Fridah alisogea mbele ya picha.

"Usitishike. Siigusi," Kahonzi alisema.

Alimwambia Mwaringa amsomee ubao, kisha amsomee tena. Akamimina mafuta kiganjani, akalipaka jina la babake.