Prosesa za Baba Mkwe

Wenzake walimbatiza Mama Foleni, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kusimamia kompyuta kubwa ya taifa, ile ambayo watafiti wote wa magonjwa, mimea na mifugo huchambulia vinasaba, kila mmoja kwa zamu yake. Asubuhi hiyo foleni haikusogea hata kidogo. Prosesa zote, yaani bongo za mashine hiyo, zilikuwa zimeshikwa na mtu mmoja, na mtu huyo, ee Mola wangu, alikuwa baba mkwe wake.

Mzee alikuwa profesa wa magonjwa ya ng'ombe. Aliomba mashine nzima, kisha akawa anatumia prosesa moja tu. Nyingine zilikaa bure, zikinguruma na kula umeme. Ndiyo tabia ya watafiti, kuomba kupita kiasi wasije wakapungukiwa, lakini huyu alizidi. Kiu ya kikombe, anataka kisima!

Nyuma yake alisubiri daktari wa wodi ya watoto wachanga. Bakteria fulani alikuwa amekaidi dawa zote. Watoto wawili walishakufa, na wa tatu alikuwa akihema kwa shida. Uchambuzi wa nusu saa tu wa vinasaba vya bakteria huyo ungeonyesha dawa ya kumweza. Daktari alipiga simu mpaka sauti ikamkauka. "Dada yangu, huyu mtoto nimfanyeje?"

Kanuni ya kituo ilikuwa moja: kazi ya mtafiti haikatwi bila ridhaa yake. Mama Foleni akavuta pumzi, akampigia mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Baba, naomba uachie prosesa. Unatumia moja tu."

"Zilizobaki ni za akiba. Huwezi jua."

"Kuna mtoto mahututi, baba, daktari wake anasubiri..."

"Nitamaliza kesho. Nikiachia nitarudishwa mkiani, nakujua wewe na foleni yako. Usiguse! Hapa naongea kama baba yako, si kama mteja."

Hapo ndipo Mama Foleni alipopandwa na hasira hasa. Ukwe na kompyuta wapi na wapi? "Nimekusikia, baba," akajibu kwa adabu zote, na mzee akiwa bado anasimulia habari za ng'ombe wake, akaikata kazi.

Jioni daktari alipiga tena. "Dawa ipo! Ameshachomwa sindano." Mama Foleni alilia pale pale kitini, akajifuta kwa mkono wa blauzi.

Mtoto aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mzee alikuwa bado hapokei simu za mkwe wake. Kisha siku moja akaingia ofisini mwenyewe, akaketi, akakohoa.

"Yule mtoto alipona?"

"Alipona, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Hivi kazi yangu inahitaji prosesa ngapi hasa?"

Tangu Mama Foleni aanze kukalia kiti kile, hakuna mtafiti aliyewahi kumwuliza swali hilo. Asingekuwa mkwe wake, angemkumbatia.

"Moja, baba. Moja tu inatosha."

Mzee akavua miwani, akafikiri sana.

"Basi niwekee mbili."